Livingstone pa Nyangwe: maandiko yaliyotoka ndani ya picha

Leo tunaeleza maisha ya Muzungu mmoja anayejulikana kila mahali, lakini wengi hawajui kama alianza sawa sisi, mtumishi wa kulipwa kwa juma.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19/3/1813 pa Blantyre, inchi ya Scotland. Akiwa na miaka 10 akaingia ku fabriki ya pamba, kazi ya saa kumi na mbili asubui mpaka saa mbili usiku. Sehemu ya mshahara wa juma la kwanza akanunua kitabu cha Kilatini. Siku zilizofuata akaweka vitabu juu ya mashini, anasoma huku anatumika. Ndivyo akakuwa munganga na mmisionari.

Mwisho wa mwezi wa tatu 1871 akafika Nyangwe, kando ya Lualaba. Alitafuta mitumbwi avuke, hakupata. Karatasi ikaisha, wino pia. Akachukua gazeti la London la tarehe 24/11/1869, akaligeuza upande, akaandika juu ya herufi za chapa. Wino akautengeneza na rangi nyekundu ya mbegu za hapo.

Tarehe 15/7/1871 ilikuwa siku ya soko. Wamama walikuwa wengi sana. Watu wenye bunduki wa wafanya biashara Waarabu wakapiga risasi katikati ya soko. Wengine wakakimbilia mitumbwi, wakazama mu mto. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho, akaandika. Habari ikafika Ulaya, ikasaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Yeye alikufa tarehe 1/5 mwaka ule ule, kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma na Susi na wenzao wakabeba maiti na maandiko yake mpaka pwani.

Lakini ule wino ulififia. Miaka zaidi ya 130, ukitazama zile karatasi unaona gazeti kuliko maneno yake. Mwaka 2010, pa Edinburgh, wataalamu wakapiga kila ukurasa picha nyingi, kila moja chini ya mwanga wa rangi ingine, hata mwanga ambao jicho halioni. Juu wino wa chapa na wino wa mbegu haupokei mwanga namna moja, odinateri ikaweza kuzitenga: herufi za gazeti zikarudi nyuma, za Livingstone zikasimama. Halafu watu wakazisoma moja moja, wakaziandika upya. Mwaka 2011 kila mtu akaweza kusoma.

Hapo ikaonekana jambo. Aliponakili ile habari katika kitabu chake kikubwa, hakuacha yote sawa ya kwanza. Alibadilisha, zaidi yale ya watu wa msafara wake mwenyewe. Hata shahidi mwema anaweza kusafisha habari.

Wandugu, sisi wa sendika tunashika hili. Shimo likianguka, tuandike siku ile ile, hata juu ya karatasi ya sabuni: saa, mahali, majina. Na tusirudi kupunguza kitu kwa kulinda mtu wetu. Wale wamama wa Nyangwe tunajua hesabu yao tu. Wafu wetu wawe na majina.