Habari za Sayyid Khalid bin Barghash na Miaka Yake ya Kifungo

Sifa njema zote ni zake Mola, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Watu wakitaja kifungo hukumbuka kuta na minyororo na askari mlangoni. Lakini kiko kifungo kingine ambacho mtu hukiingia kwa miguu yake mwenyewe, tena akishukuru, kwa kuwa kimemjia kwa sura ya hifadhi. Huyu tunayetaka kueleza habari zake alivionja vyote viwili. Naye ni Sayyid Khalid bin Barghash bin Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1874, akafa Mombasa mwaka 1927, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baba yake, Sayyid Barghash, naye alipata kuhamishwa kwa nguvu. Mwaka 1859 aliondoka juu ya nduguye, Sayyid Majid, akitaka kiti cha Unguja. Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay. Akakaa huko yapata miaka miwili, kisha akarejea, na mwaka 1870 akapata ufalme kwa amani, akatawala mpaka kufa kwake mwaka 1888. Basi Khalid alikulia katika nyumba iliyojua ya kuwa mtu hutolewa katika nchi yake akarudi akawa mfalme.

Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na Sultani hakukalia kiti ila kwa ridhaa yao. Mwaka 1893, alipokufa Sayyid Ali bin Said, Khalid alijaribu kukishika kiti, akazuiliwa, akapewa Sayyid Hamad bin Thuwaini. Tarehe 25 Agosti 1896, katika mwezi wa Mfungo Sita mwaka 1314, Sayyid Hamad naye akafa ghafula. Siku ile ile Khalid akaingia jumbani, naye umri wake yapata miaka 22, wakakusanyika kwake watu wapatao 2,800, wengine askari, wengine raia na watumwa. Waingereza wakamwamuru ashuke, kwani wao walimtaka Sayyid Hamud bin Muhammad. Akakataa.

Asubuhi ya tarehe 27 muda aliopewa ukesha saa tatu, na manowari tano za Kiingereza zilikuwa zimeelekeza mizinga yao jumbani. Vita vile wengi huvihesabu dakika 38 tu. Jumba liliwaka moto, na jahazi ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid walipata 500. Upande wa Waingereza aliumizwa baharia mmoja.

Khalid mwenyewe hakuwa miongoni mwa waliokufa. Alikimbilia nyumba ya balozi wa Wadachi pamoja na watu wachache, na Waingereza wakaweka askari nje wamkamate akitia mguu barabarani. Hapo ndipo kilipoanza kifungo chake, ijapokuwa hapana aliyekiita kwa jina hilo. Siku 36 alikaa ndani ya nyumba ile, katikati ya mji wa baba yake, asiweze kufika msikitini wala makaburini walikozikwa watu waliokufa kwa ajili yake. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kidachi ikaja hata mlango wa bustani ya balozi. Akaipanda papo hapo, asikanyage ardhi ya Unguja, akachukuliwa Dar es Salaam.

Huko alikaa miaka ishirini, mgeni wa Wadachi. Hakufungwa pingu. Lakini tazama, ewe msomaji, hali ya mtu huyu. Kati ya Dar es Salaam na Unguja ni maili zipatazo 45, safari ya siku moja kwa tanga, na majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kila siku kwa biashara. Mchuuzi alivuka, na mvuvi akavuka, na mwana wa Sultani hakuweza kuvuka. Wadachi walimhifadhi kwa kuwa walishindana na Waingereza, na mtu awezaye kudai kiti cha Unguja ni kitu cha kuwekwa akiba. Basi hifadhi ile ilikuwa na umri, na umri wake ulikuwa umri wa nguvu za Wadachi katika nchi hii.

Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914 nguvu zile zikaanza kuvunjika, na mwaka 1916 Dar es Salaam ikaingia mikononi mwa Waingereza. Khalid akashikwa katika vita vile, akapelekwa Saint Helena, kisiwa kilicho pweke katika bahari ya magharibi, maili zipatazo 1,200 kutoka bara la Afrika. Ndicho kisiwa alichofungwa Napoleon tangu mwaka 1815 mpaka kufa kwake mwaka 1821. Alipata kukaa huko Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, tangu mwaka 1890 mpaka 1897, kisha Makaburu zaidi ya 5,000 waliotekwa katika vita vya Afrika Kusini. Khalid na jamaa zake walitiwa katika nyumba za askari mjini Jamestown. Aliyezaliwa jumbani akaishi katika vyumba vilivyojengewa askari, wala hapakuwa na mji wa Kiislamu karibu.

Sisi watu wa pwani huita kaskazini kibla, kwa kuwa Makka kwetu iko upande huo. Lakini aliye Saint Helena hana budi kugeuka kaskazini-mashariki, juu ya bara zima la Afrika. Kisha mwaka 1921 walihamishwa kupelekwa Shelisheli, na huko kibla kiko kaskazini-magharibi. Hata upande wa kuelekea katika sala humbadilikia mfungwa, ila Anayeelekewa habadiliki.

Shelisheli nako kulikuwa gereza la wafalme. Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903. Kabarega wa Bunyoro alikaa huko mpaka mwaka 1923, na Prempeh wa Ashanti mpaka mwaka 1924.

Lakini tusidhani ya kuwa kifungo ni cha wakubwa tu. Jeshi la Wadachi liliendelea kupigana bara, likapita Mbozi, katika nchi ya Songwe, likavuka mpaka upande wa Tunduma, likaweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Askari wa Kiafrika zaidi ya 1,000, na wapagazi pamoja nao, wakatiwa katika ua wa miiba, kisha wakapelekwa Tabora kuzuiliwa kambini, na mafua makuu ya mwaka ule yakawaua baadhi yao. Nao pia walikuwa wameegemea ukuta ule ule alioegemea Khalid, na ulipoanguka uliwaangukia. Tofauti ni kwamba majina yao hayakuandikwa.

Mwishoni Khalid aliruhusiwa kurudi pwani ya Afrika Mashariki. Alikaa Mombasa, ng'ambo ya bahari ile ile, na huko akafa. Tangu siku aliyopanda mashua kwenye mlango wa balozi ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30. Baba yake alirudi akapata kiti, na yeye alirudi akapata kaburi.

Watu wamehitilafiana juu yake. Wako wasemao alikuwa shujaa aliyekataa amri ya wageni, na wako wasemao aliwaingiza watu katika moto kisha akatoka peke yake. Kila mmoja ana hoja, na hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Sisi tunachukua mafunzo mawili. La kwanza, mwenye kutafuta hifadhi kwa nguvu za watu na atazame kwanza wanamhifadhi kwa nini, maana mlango uliofunguliwa kwa haja ya mwenye nyumba hufungwa kwa haja yake vile vile. La pili, tusiwasahau waliofungwa, wakubwa na wadogo. Dini yetu imefanya kumlisha mateka ni katika mambo ya wema, wala haikutuamuru kumwuliza kwanza alikuwa jeshi la nani.

Mola awarehemu waliokufa jumbani, na waliokufa kambini, na waliokufa ugenini. Amin.