Ed Headrick na Kisahani Kirukacho

Kisahani kile cha plastiki ambacho vijana hurushiana ufuoni, na ambacho dunia nzima hukiita Frisbee, kina baba wawili. Wa kwanza ni yule aliyekitengeneza. Wa pili ni yule aliyekifunza kuruka sawasawa, kisha akakitafutia mahali pa kutua. Leo namtaka huyu wa pili, marehemu Edward Earl Headrick, Mmarekani wa California, aliyefariki mwaka wa 2002 akaacha wasia ambao kila nikiufikiri hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Wasia huo tutaufikia. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 28 Juni 1924 katika mji wa South Pasadena, karibu na Los Angeles. Ujana wake uliliwa na Vita Vikuu vya Pili kama ulivyoliwa ujana wa wengi wa rika lake. Alikuwa askari wa miguu katika jeshi la Marekani, akafika hadi Ujerumani. Miaka iliyofuata naipita upesi, maana alikuwa kama maelfu ya wenziwe waliorudi vitani wakatafuta riziki hapa na pale. Habari yake hasa yaanza mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 40, umri ambao mtu kwetu huanza kuulizwa ameoza watoto wangapi. Mwaka huo alikwenda kubisha hodi katika kampuni ya Wham-O, huko San Gabriel, akaomba kazi.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1948 na marafiki wawili, Richard Knerr na Arthur Melin. Biashara yao ya kwanza ilikuwa ni manati, na jina la kampuni ni mlio wa jiwe la manati likipiga shabaha. Baadaye waliitia wazimu Marekani nzima kwa ile pete kubwa ya plastiki ya kuzungusha kiunoni, mwaka wa 1958. Headrick aliwatolea masharti ya ajabu: miezi mitatu ya kwanza angefanya kazi bila mshahara, nao wakimwona wa maana wamwajiri. Walimwona wa maana. Alianza katika chumba cha majaribio, akapanda cheo baada ya cheo mpaka akawa ndiye mwendeshaji wa kampuni.

Kisahani alikikuta pale. Hapa yanipasa kurudi nyuma kidogo ili haki ya kila mtu ijulikane. Katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, palikuwa na tanuri la ukoo wa Frisbie lililouza pai katika mabati ya duara, na wanafunzi wa chuo cha Yale walikuwa wakishamaliza kula huyarusha mabati hayo wakidakiana. Upande wa pili wa nchi, California, kijana mmoja jina lake Walter Frederick Morrison alikuwa ufuoni Santa Monica mwaka wa 1938 akirushiana bati la keki na mchumba wake, mpita njia akataka kulinunua kwa senti 25. Bati hilo dukani lilikuwa senti 5. Morrison alifanya hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeifanya. Baada ya vita alianza kutengeneza visahani vya plastiki, na kufikia mwaka wa 1955 alikuwa na kimoja alichokiita Pluto Platter. Haki zake akaziuza kwa Wham-O, na mwaka wa 1957 wao wakakipa jina la wale wauza pai, wakibadilisha herufi moja tu mwishoni.

Watoto wa mitaa yetu ya pwani hawakuhitaji kufunzwa na mtu huko ng'ambo kurusha kifuniko cha kopo la samli. Mimi mwenyewe nimerusha vingi. Lakini kila aliyevirusha ajua aibu yake: huanza vizuri, kisha hutetemeka, kikajipindua, kikaanguka kando au kikanasa juu ya paa la makuti. Aibu hiyo hiyo ndiyo waliyokuwa nayo Wham-O. Kisahani chao kilikuwa ni mchezo wa watoto tu, kisichoaminika mkononi mwa mtu mzima aliyetaka kukipeleka mahali maalumu.

Headrick alikichukua akakifanyia kazi. Alikiongeza uzito kidogo ukingoni, na juu ya mgongo wake akachora mistari ya duara, midogo, iliyoinuka kama mawimbi madogo ya maji kisimani jiwe lilipotumbukia. Mtu akiitazama ataidhani ni pambo. Si pambo. Kisahani husimama hewani kwa mambo mawili: mzunguko wake, ambao hukizuia kisipinduke kama vile pia ya mtoto isivyoanguka maadamu yazunguka; na hewa ipitayo juu ya mgongo wake, ambayo hukiinua kama inavyoliinua bawa la ndege. Mistari ile huuvuruga kidogo upepo unaopita juu, na kwa kuvurugika huko safari ya kisahani hutulia. Serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi tarehe 26 Desemba 1967. Wachezaji mpaka leo huiita mistari hiyo pete za Headrick, na yeye mwenyewe walimwita Steady Ed, yaani Ed asiyetikisika.

Mwaka huo huo wa 1967 alianzisha chama cha kimataifa cha Frisbee. Wapo watakaosema ni ujanja wa biashara, kwani kampuni iliyouza visahani ndiyo iliyokuwa nyuma ya chama. Ni kweli, wala yeye hakulificha. Alikuwa amegundua kwamba kitu cha kuchezea mtoto hununuliwa mara moja kikasahauliwa, bali mchezo wenye kanuni na mashindano hudumu. Mwaka wa 1974 visahani vilishindaniwa ubingwa wa dunia ndani ya uwanja mkubwa wa Rose Bowl, Pasadena, si mbali na alikozaliwa.

Sasa twafika kwenye gofu. Wengi husema Headrick ndiye aliyeibuni gofu ya visahani, na kwa hili nataka kuwa mwangalifu, maana haki ya mtu si ya kuchezea. Watu walikuwa wakicheza hivyo kabla yake. Mjini Rochester, New York, kikundi cha vijana kilikuwa na mashindano yake tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na mwaka wa 1974 waliandaa shindano ambalo mshindi wake alipewa motokaa mpya ya Datsun. Walichezea kwenye miti, nguzo za taa, mapipa ya taka, chochote kilichokuwa mbele yao. Ambalo halikuwapo ni kiwanja: mahali palipotengwa, penye shabaha zisizohama, ambapo mtu yeyote angeweza kufika siku yoyote akacheza. Hilo ndilo alilolifanya Headrick, na kwangu ndilo kubwa zaidi katika maisha yake.

Mwaka wa 1975 aliwashawishi wakuu wa bustani za kaunti ya Los Angeles wamruhusu kusimika nguzo 18 katika bustani ya umma iitwayo Oak Grove, katika mji wa La Cañada Flintridge. Leo bustani hiyo yaitwa Hahamongna. Imekaa chini ya milima ya San Gabriel, ina miti mikubwa ya mialoni, na jirani yake, ukuta kwa ukuta kama tusemavyo, ni maabara ile ya Marekani inayotengeneza vyombo vya kupeleka kwenye sayari. Upande mmoja wataalamu walikuwa wakihesabu njia ya kufika Mirihi, upande wa pili mzee mmoja na wenzake wakihesabu njia ya kukipitisha kisahani baina ya miti miwili.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mtu husimama mahali palipowekwa alama, akarusha kuelekea shabaha iliyo mbali. Kisahani kikitua, hukiendea akakirusha tena kutoka pale pale, hata kiifikie shabaha. Idadi ya mitupo yahesabiwa, na aliyerusha mara chache zaidi kwa shabaha zote 18 ndiye mshindi. Hakuna rungu, hakuna mchukua mizigo, hakuna nyasi za kumwagiliwa usiku kucha wakati watu wamekosa maji, hakuna ada ya klabu wala karani wa kukutazama viatu. Gofu ile nyingine sote twaijua milango yake. Hii milango haina.

Watu walimiminika Oak Grove. Pamoja nao ukaja ugomvi. Kisahani kilichopita karibu na nguzo, kimeigusa au hakikuigusa? Mwenye kurusha husema nimesikia mlio. Mpinzani husema ni upepo. Pasipo shahidi mwadilifu hakuna hukumu, na bustanini hakuna kadhi. Headrick alichoshwa na mabishano haya. Akishirikiana na mwanawe alijaribu hiki na kile, mwisho wakapata chombo ambacho leo ndicho nembo ya mchezo: mlingoti wa chuma, juu yake duara ambalo minyororo imening'inia, na chini ya minyororo kikapu. Kisahani kikipiga minyororo hupoteza nguvu, kikadondoka kikapuni. Kimo au hakimo, basi. Na sauti ya minyororo husikika mbali, kiasi kwamba hata aliyegeuka kuzungumza na mwenzake hujua. Hati ya uvumbuzi wa chombo hicho ilitolewa tarehe 2 Agosti 1977.

Kufikia wakati huo alikuwa ameacha mshahara wa Wham-O. Mwaka wa 1976 alianzisha kampuni yake ya kutengeneza vikapu, na pia chama cha wachezaji, kijulikanacho kwa herufi PDGA, ambacho uanachama namba moja ulikuwa wake. Mtu aliyekuwa akiendesha kampuni iliyojulikana nchi nzima aliacha kiti hicho akaenda kuwauzia wakuu wa bustani minyororo na vikapu. Jamaa wangapi walimwona amerukwa na akili ni rahisi kukisia.

Nimeufikiri sana utaratibu wake wa fedha. Vikapu aliviuza, na wala hakuviuza kwa hasara. Mwenye kununua alikuwa ni mji au kaunti. Lakini kikapu kikishasimikwa bustanini, kucheza ni bure. Kwetu mtu akichimba kisima akawaachia watu wateke, twajua tumwiteje. Headrick siwezi kumpa jina hilo, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara na faida aliila. Walakini, wafanyabiashara wengi wakipewa ardhi ya umma fikira yao ya kwanza ni ua na lango. Yeye biashara yake ilisimama tu endapo ardhi itabaki ya umma na wazi. Faida yake na haki ya mwenye mfuko mtupu zilikwenda njia moja, na hilo halionekani kila siku. Alipanga mwenyewe viwanja zaidi ya 200. Leo viwanja ni zaidi ya 10,000 duniani, na vingi mno havina kiingilio.

Mwaka wa 1979 aliandaa shindano huko Huntington Beach lenye zawadi za dola 50,000, fedha nyingi sana kwa watu waliokuwa wakichekwa kwa kurusha sahani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama cha wachezaji alikitoa mkononi mwake akawakabidhi wachezaji wenyewe wakiendeshe. Kuanzia mwaka wa 1983 watu wengine wakatokea na visahani vyenye ukingo mwembamba, vikali hewani, vilivyokwenda mbali kuliko vyake. Mvumbuzi naye hupitwa. Vikapu vyake lakini havikupitwa. Kila aliyetengeneza vingine alifuata umbo lile lile la mlingoti, minyororo na kapu.

Sasa ule wasia. Kulikuwa na mzaha aliouzoea, kwamba yeye na wenzake mchezo wao ni dini, na mfuasi wake akifa haendi popote, roho yake huruka tu ikanasa juu ya paa la nyumba ikakaa huko. Sisi tuliolelewa chuoni mbele ya msahafu twasikia mzaha wa namna hiyo tukanyamaza, si kwa kukosa kuuelewa bali kwa kuwa yako mambo hayafanyiwi mzaha. Yeye aliufanya mpaka kaburini, au niseme mpaka pasipo kaburi. Julai 2002, akiwa Florida kwenye mashindano, alipatwa na kiharusi. Tarehe 12 Agosti alifariki nyumbani kwake La Selva Beach, California, akiwa na miaka 78. Maiti yake ilichomwa kama alivyoagiza, na majivu yakachanganywa na plastiki, yakatiwa katika kalibu, yakatoka visahani.

Kwetu mwanadamu ametoka udongoni, na haki yake ya mwisho juu ya walio hai ni kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kurudishwa udongoni. Haki hiyo haiulizi alikuwa nani wala alipendaje. Kwa hiyo wasia wa Headrick siwezi kuusifu, wala sidhani msomaji atanitaka niusifu. Naueleza kwa kuwa ndio ulivyokuwa, na kwa kuwa waliomfanyia hivyo hawakuwa wakimdhihaki; walikuwa ni watu wake, wakitimiza ahadi waliyompa mtu aliyekuwa hai.

Visahani hivyo walipewa jamaa na marafiki, na fedha zilizopatikana zilikusudiwa kujenga makumbusho ya mchezo. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa mwaka wa 2007 huko Appling, jimbo la Georgia, ndani ya bustani iitwayo Wildwood ambamo mna viwanja vya kuchezea. Na kiwanja kile cha kwanza, chini ya mialoni ya Oak Grove, kipo mpaka leo.