Louis Braille na Nukta Zilizobaki

Atokaye Makumira kuelekea mjini Arusha huifikia Tengeru, kilipo Chuo cha Ualimu Patandi, ambako huandaliwa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Mwalimu wa watoto wasioona hana budi kuyajua maandishi ya nukta nundu. Wengi wetu twafahamu kuwa yalibuniwa na Louis Braille. Njia aliyoipita hata akayafikia haifahamiki sana, nayo ndiyo inayotuhusu sisi tunaotengeneza vifaa vya kufundishia.

Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka 3, mtoto alichezea msharasi wa kutobolea ngozi, ukamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea hadi jicho la pili, na alipotimiza miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika shule ya vijana wasioona. Vitabu vya hapo vilikuwa vichache na vizito, vyenye herufi za kawaida zilizotunishwa. Kuzisoma kwa kidole kulichukua muda mrefu mno.

Mwaka 1821 shule ilipata mfumo wa afisa wa jeshi, Charles Barbier, wenye nukta 12 katika safu mbili, zikiwakilisha sauti badala ya herufi. Kidole hakikuweza kuzigusa zote kwa pamoja. Braille akashika sharti moja lisilovunjwa: kila alama ienee chini ya ncha ya kidole. Ndani ya sharti hilo alikuwa mkarimu. Kitabu chake cha mwaka 1829 kilikuwa na mafungu 9 ya alama. 4 ya kwanza yalikuwa ya nukta tupu, na mengine yalichanganya nukta na vistari. Alama hizo zikatumika, na vidole vikawa mahakimu. Vistari vilionekana vigumu kutofautishwa na nukta, na toleo la mwaka 1837 likaviacha. Zikabaki nukta 6, zenye mipangilio 63, ikatosha kwa herufi, tarakimu na hata muziki.

Wahandisi wa kampuni ya Toyota wamesifika kwa utaratibu unaofanana na huo: huendeleza miundo kadhaa kwa pamoja, na kuuondoa mmoja mmoja kadiri majaribio yanavyoonyesha udhaifu wake. Sisi walimu mara nyingi hutenda kinyume. Twachora chati moja usiku, twaipenda, na isipoeleweka asubuhi twawalaumu watoto.

Braille mwenyewe alikuwa mwalimu katika shule ileile tangu mwaka 1833. Mwaka 1840 uongozi mpya uliyapiga marufuku maandishi yake, lakini wanafunzi waliendelea kuyatumia kwa siri, na mwaka 1844 yalionyeshwa hadharani. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari, 1852. Ufaransa iliyakubali rasmi mwaka 1854.

Herufi w haikuwamo katika mpangilio wake wa kwanza, kwani Kifaransa hakikuihitaji sana. Iliongezwa baadaye, na ndiyo maana nukta zake hazifuati utaratibu wa jirani zake. Nafasi ilikuwa imebaki. Bila hiyo mtoto wetu asingeweza kuandika hata neno mwalimu.