Hiroshi Yoshida: Mkuu Aliyejifunza Kazi ya Kila Fundi

Kwa karne nyingi Wajapani walipiga chapa za picha kwa mbao zilizochongwa, na kazi hiyo ilikuwa na safu zake kama zilivyo za kikosi. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga mbao za mcheri, na kwa kawaida kila rangi ikapata ubao wake, mpigaji chapa akapaka rangi na kuisugua karatasi juu ya ubao. Juu yao alikaa tajiri mwenye duka, ambaye ndiye aliyetoa fedha na amri. Mtu mmoja aliyeubadili utaratibu huo pasipo kuuvunja ni Hiroshi Yoshida.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba, 1876, katika mji wa Kurume, kisiwani Kyushu. Mwalimu wake wa uchoraji alivutiwa na kipaji chake, akamchukua kuwa mwanawe, na ndipo alipopata jina la Yoshida. Huko Tokyo alijifunza uchoraji wa Kizungu. Mwaka 1899, yeye na rafiki yake Hachiro Nakagawa walivuka bahari kwenda Marekani wakiwa na fedha chache na shehena ya picha za rangi za maji. Jumba la sanaa la Detroit liliwafanyia maonyesho, na picha zao zikanunuliwa kwa wingi.

Mnamo 1920, Yoshida alianza kumchorea Shozaburo Watanabe, tajiri wa picha za chapa mjini Tokyo. Lakini tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Tokyo na Yokohama, moto ukafuata, na watu zaidi ya laki moja wakapoteza maisha. Duka la Watanabe liliteketea, na pamoja nalo mbao za Yoshida. Hakukaa akilia juu ya majivu. Alirudi Marekani na mkewe Fujio, mchoraji mwenziwe, kuuza picha. Huko akatambua kwamba wageni wanazipenda mno picha za chapa za Kijapani.

Aliporejea mwaka 1925, akikaribia umri wa miaka 49, alifungua karakana yake mwenyewe. Hakuwafukuza wachongaji wala wapigaji chapa, kwa kuwa ustadi wao ulikuwa hazina ya mababu. Ila alikataa kuwaamuru watu katika kazi asiyoijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: naye aliinama, akajifunza kushika patasi na kusugua karatasi, na mbao nyingine alizichonga kwa mkono wake. Aliamini kwamba anayeongoza mafundi yampasa kuijua kazi yao kuwapita.

Matunda yake yalionekana. Picha moja iliweza kupita chini ya mkono wa mpigaji chapa mara thelathini na zaidi, mpaka mwanga na ukungu vikatokea kama katika uchoraji wa rangi za maji. Mnamo 1926 alitoa picha za mashua za matanga katika bahari ya Seto. Mbao zilikuwa zile zile, lakini kwa kubadili rangi tu akaonyesha asubuhi, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Alipanda milima ya Japani na kuichora, akafika Misri na India pia.

Kati ya 1938 na 1940 alikwenda China akiwa mchoraji wa vita. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, nyumba yake mjini Tokyo ikawa mahali pa kukutania. Askari wa Marekani, jana maadui, waliketi humo wakitazama jinsi picha inavyopigwa chapa.

Yoshida alifariki tarehe 5 Aprili, 1950. Wanawe Toshi na Hodaka waliendeleza sanaa hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Picha alizosimamia mwenyewe zina pambizoni muhuri unaothibitisha usimamizi wake. Zilizopigwa kwa mbao zake baada ya kifo chake hazina muhuri huo, na wajuzi huutafuta kwanza kabla ya kununua. Ndiyo heshima ya mkuu aliyesimama karibu na kazi: asipokuwapo, pengo lake huonekana.