Thomas Fraser na Sumu ya Mishale

Mwanafunzi, iwapo unakaa Katandala, mjini Sumbawanga, au katika kijiji cho chote cha uwanda wa juu wa Ufipa, huenda umepata kuwasikia wazee wakisimulia habari za wawindaji waliopaka sumu mishale yao. Mnyama aliyechomwa na mshale wa namna hiyo hakwenda mbali. Je, umepata kujiuliza sumu ile humfanya nini? Swali hilo lilimshughulisha Thomas Richard Fraser kwa miaka mingi.

Fraser alizaliwa mwaka 1841 mjini Calcutta, Bara Hindi, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Huko alikuwa msaidizi wa Robert Christison, mtaalamu mashuhuri wa sumu. Mwaka 1862 alihitimu kwa insha juu ya haragwe la Calabar, ambalo katika nchi iitwayo leo Nigeria watuhumiwa walilishwa ili ijulikane kama wana hatia. Alionyesha kwamba haragwe hilo hilo huisinyaza mboni ya jicho, na madaktari wa macho wakalitumia.

Sasa tuje karibu na kwetu. Ukitoka Ufipa ukaelekea kusini, ukapita Ziwa Nyasa lote, utafika bonde la Mto Shire. Huko daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone tangu mwaka 1858, alikuta sumu ya mishale iitwayo kombe. Mswaki wake ulikuwa umewekwa pamoja na sumu ile. Siku moja alipopiga mswaki, alisikia uchungu mdomoni, kisha akatambua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Ilikuwa bahati yake kwamba kiasi kilikuwa kidogo! Kirk huyu ndiye aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza kule Unguja.

Mbegu za mmea wa kombe zilipomfikia Fraser, alizisaga, akaziosha kwa etha ili kuondoa mafuta, kisha akaziloweka katika spiriti. Spiriti ilipochukuliwa na hewa, kilibaki kitu kichungu mno. Kitu hicho ndicho kiitwacho strofanthini. Alikijaribu juu ya moyo wa chura. Kiasi kidogo kiliufanya moyo upige polepole na kwa nguvu zaidi. Kiasi kikubwa kiliukaza hata ukasimama ukiwa umejikunja, usilegee tena. Kumbe mnyama wa mwindaji alikufa kwa sababu moyo wake ulikazwa kupita kiasi! Usijaribu kamwe kuchezea mbegu kama hizo. Mimea ya jamii hiyo huota katika sehemu nyingi za Tanzania.

Fraser alitaka pia kuwa na hakika kwamba alichonacho ni kitu kile kile kila mara, kwani dawa isiyopimika ni hatari. Alikichunguza kwa asidi, akaona kwamba hugawanyika na kutoa sukari. Hata leo ukitaka kuitambua mbegu ya kombe, tone la asidi ya salfuriki hulitia jeraha la mbegu iliyokatwa rangi ya kijani.

Mwaka 1885 aliwaeleza madaktari waliokutana Cardiff jinsi sumu hiyo inavyoweza kuusaidia moyo uliochoka. Wengi waliitumia, lakini matokeo hayakulingana, maana strofanthini ikinywewa, matumbo huchukua kidogo tu. Hiyo ni sababu mojawapo ya nyama ya mnyama aliyepigwa kwa mshale kulika. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Albert Fraenkel, aliidunga katika mshipa, na nguvu yake ikaonekana waziwazi.

Fraser hakuishia hapo. Alichunguza sumu ya nyoka, na pamoja na Joseph Tillie alichunguza msunguti, mti ambao Wamijikenda wa pwani ya Kenya walitengenezea sumu ya mishale. Mwaka 1898 alikwenda Bara Hindi kuongoza tume iliyochunguza tauni. Alifundisha Edinburgh hadi mwaka 1918, akafariki Januari 1920.