Kabla hujajaza fomu ya unesi, kutana na Leonella

Wewe uliyepata matokeo yako na sasa unakodolea macho orodha ya kozi kwenye simu, nipe dakika tano tu. Niko Kaplong wiki hii, kwa kogo, pale barabara ya kutoka Kericho inapokutana na ile ya Bomet. Aliyenileta kwa hii stori ni binamu yangu. Anataka kuwa nesi. Alama zake zinamwingiza diploma bila shida, digrii ni kwa kubanana, na nyumba nzima imegawanyika. Mjomba anataka digrii kwa sababu neno lenyewe linasikika vizuri kwenye harambee. Mama yake anaangalia karo. Binamu mwenyewe ananyamaza tu.

Usiniulize mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi niliyoichagua kwa sababu ilikuwa na jina refu. Ndiyo maana badala ya kumpa ushauri nilimsimulia maisha ya mtu, na wewe nakusimulia vilevile. Mtu huyo ni Sista Leonella Sgorbati. Kama una miaka 18, alikufa kabla hujazaliwa. Wakatoliki wanamjua kama mwenyeheri, lakini hadithi yake ikisimuliwa kanisani huwa inakimbilia risasi. Mimi nataka tukae kidogo kwenye masomo.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1940 huko Gazzola, mkoa wa Piacenza, kaskazini mwa Italia. Jina lake la nyumbani lilikuwa Rosa. Alipokuwa bado mtoto familia ilihamia Sesto San Giovanni, mji wa viwanda karibu na Milan, na mwaka 1951 babake akafariki. Rosa alikuwa na miaka 10. Akiwa na 16 alimwambia mamake kwamba anataka kuwa mmisionari. Mama hakumkatalia kabisa, alimwambia angoje hadi afikishe miaka 20.

Najua unavyojisikia ukiambiwa ngoja. Huyu alingoja. Mei 1963, akiwa na miaka 22, akajiunga na masista wa Consolata. Kwa hivyo kama umemaliza kidato cha nne na unaona jirani yako ameshaingia chuo na wewe bado uko nyumbani ukisaidia kuchuma majani chai, maze, tulia.

Shirika likampeleka Uingereza kusomea unesi, kuanzia 1966 hadi 1968. Jaribu kupiga picha: mifupa, mishipa, dawa na vipimo vyake, vyote kwa lugha ambayo si ya kwenu. Hapa ndipo namheshimu. Unesi watu wanauona kama kazi ya huruma tu, kushika mkono wa mgonjwa na kumwambia pole. Lakini ukikosea nukta moja kwenye kipimo cha dawa, huruma yako haitamsaidia mtu. Ndiyo maana hapa kwetu wanakudai baiolojia, na wanakudai Kiingereza au Kiswahili pia, kwa sababu zamu inayoingia itafuata kile ulichoandika wewe.

Alifika Kenya mwaka 1970. Kwa takriban miaka 13 alifanya kazi kwa zamu kati ya Hospitali ya Consolata Mathari kule Nyeri na Hospitali ya Nazareth kule Kiambu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa wodi ya wazazi. Miaka 13 ya usiku na mchana, akina mama wakipiga kelele, watoto wakitoka salama na wengine la. Hakuna sinema hapo. Ni kazi.

Halafu mwaka 1983 akarudi darasani kuongeza masomo ya unesi. Alikuwa na miaka 42. Soma hiyo namba tena. Huyu hakuwa mtu aliyeshindwa na kazi. Alikuwa nesi na mkunga aliyekomaa, angeweza kubaki alipo na hakuna mtu angemlaumu. Alienda kwa sababu kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya kufundisha, na kufundisha kunataka maandalizi yake. Mwaka 1985 akawa mkufunzi mkuu wa chuo cha unesi cha Hospitali ya Nkubu, Meru.

Hapo nilimwona binamu akiinua kichwa, kwa sababu nyumbani kwao mjadala wote ulikuwa kana kwamba ukiingia mlango wa diploma unafungiwa humo milele. Ukweli ni kwamba hapa Kenya ngazi iko wazi. Unaweza kusoma diploma ya uuguzi wa afya ya jamii kwa miaka mitatu hivi, upate leseni, ufanye kazi, halafu urudi kufanya digrii ukiwa na mshahara wako. Unaweza pia kuanza moja kwa moja na digrii ya miaka minne, kisha internshipu. Kwa diploma wanataka wastani wa C, kwa digrii C+, na masomo maalum juu yake. Njia zote mbili zinapitia kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, na hilo ndilo ambalo wengi hawaulizi. Jamaa ninayemjua alilipa karo ya mihula miwili ndipo akagundua chuo chake hakimo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Hakuna mtihani wa leseni, hakuna kazi. Angalia orodha kwanza, ndipo utoe pesa.

Turudi kwa Leonella. Kati ya 1993 na 1999 aliwaongoza masista wenzake wa Consolata nchini Kenya. Hiyo ni miaka ya ofisi na mikutano, tuipite. Mwaka 2001 alienda Mogadishu kuangalia kama chuo cha unesi kinaweza kuanzishwa kwenye hospitali ya SOS. Serikali kuu ya Somalia ilikuwa imeanguka tangu 1991. Hebu fikiria kuanzisha chuo mahali ambapo hakuna wizara inayofanya kazi, hakuna baraza la kutoa leseni, na barabara ya nje ya geti ni ya wenye bunduki. Mwaka 2002 chuo kikafunguliwa.

Mwaka 2006 wanafunzi wa kwanza 34 wakahitimu. Kwa kuwa hakukuwa na serikali ya kutambua masomo yao, vyeti vilitolewa na Shirika la Afya Duniani. Hapo angeweza kupiga picha na kushangilia. Lakini aliona kwamba akiondoka yeye, chuo kitakosa walimu. Akataka baadhi ya wahitimu wake wasome zaidi ili wawe wakufunzi, akaja nao Kenya kuwatafutia nafasi. Yaani mwanamke wa miaka 65 alikuwa akifanya kile ambacho wewe na mzazi wako mnafanya sasa hivi: fomu, vyeti, nafasi za chuo.

Wakati huo Mogadishu ilikuwa imechukuliwa na Mahakama za Kiislamu, na ruhusa ya kurudi ikachelewa. Alirudi tarehe 13 Septemba. Siku nne baadaye, Jumapili tarehe 17, alitoka hospitalini akavuka barabara kwenda walikokuwa wakiishi, na watu wenye silaha wakampiga risasi. Mlinzi wake Mohamed Osman Mahamud, Mwislamu, aliuawa naye. Wengi waliyahusisha mauaji hayo na hasira iliyozuka baada ya hotuba ya Papa Benedict XVI siku chache kabla. Leonella alikimbizwa ndani ya hospitali ileile alikofundisha, na kabla ya kukata roho alisema kwa Kiitaliano kwamba amesamehe. Mei 2018 kanisa lilimtangaza mwenyeheri kule Piacenza.

Nilipomaliza, binamu hakuuliza juu ya risasi. Aliniuliza tena alikuwa na miaka mingapi aliporudi darasani. Kisha akamuuliza mamake kama ile stakabadhi ya kuzaliwa iko kwa sanduku au iko kwa kogo. Kesho asubuhi tunapitia hospitali ya misheni hapa Kaplong, anataka kuongea na manesi wakitoka zamu ya usiku, halafu tupande matatu hadi Kapkatet tukaulize karo. Mjomba bado anasema digrii, lakini ametuma nauli.