Mary Shelley na Kiumbe Asiyepewa Jina

Wengi wetu tulioiona hadithi hii katika sinema hudhani Frankenstein ni jina la lile dubwana la kutisha. La, sivyo. Frankenstein ni jina la msomi aliyeliunda. Kiumbe mwenyewe hana jina tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho.

Aliyekitunga kitabu hicho, Mary Shelley, alizaliwa London tarehe 30 Agosti, 1797. Mamake, Mary Wollstonecraft, mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, alifariki kwa homa ya uzazi siku 11 baadaye. Babake, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa. Mwaka 1814, akiwa na miaka 16, binti huyu alitoroka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu. Jambo hilo halina utetezi, wala mimi siutafuti. Godwin akakataa kuonana na mwanawe, ingawa fedha za Shelley alizipokea.

Februari 1815 Mary alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia, naye akafa siku chache baadaye. Usiku mmoja akaota kwamba kitoto kile kilishikwa na baridi tu; wakakisugua mbele ya moto, kikafufuka. Alipoamka, hakuna mtoto.

Ni mama huyo aliyekaa kando ya ziwa la Geneva mwaka 1816, mwaka ambao Ulaya haikuona kiangazi kwa sababu ya majivu ya mlima Tambora uliolipuka Indonesia mwaka uliotangulia. Mvua iliwafungia ndani, na mshairi Byron akawataka wageni wake kila mmoja atunge hadithi ya mizuka. Mary alikuwa na miaka 18. Kitabu kilitoka London tarehe 1 Januari, 1818, bila jina la mtungaji.

Mwislamu akikisoma, la kwanza litakalomjia ni kwamba Frankenstein ameingilia kazi ya Muumba. Ni kweli, nalo limo. Lakini kosa ninaloliona zito zaidi laja pale kiumbe anapofumbua jicho: aliyemuunda aona sura mbaya, akimbia. Kuzaa si kazi, kazi kulea! Kiumbe yule ajifunza maneno kwa kuchungulia ufa wa nyumba ya maskini, akiwatafutia kuni usiku kwa siri. Anapojionyesha, apigwa. Hapo ndipo ageukapo muuaji. Je, damu hiyo ni juu ya nani? Mary hampi kiumbe udhuru mwepesi: wa kwanza kunyongwa ni mtoto asiye na hatia, aitwaye William, jina la mwanawe Mary mwenyewe.

William wa kweli alikufa Roma mwaka 1819. Dadake Clara alikwisha kutangulia mwaka 1818. Percy akazama katika bahari ya Italia tarehe 8 Julai, 1822, akamwachia mjane wa miaka 24 mtoto mmoja wa kiume. Baba mkwe, mtu mwenye mali, akasema atamtunza mjukuu iwapo atakabidhiwa mlezi mwingine. Mary akakataa. Baadaye mzee akalegea, akatoa posho ndogo, tena kwa mkopo, na Mary akajazia kwa kalamu yake. Kijana alihitimu Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1841. Mamake alifariki London tarehe 1 Februari, 1851.